Tairi la baiskeli linakutesa safari ndefu ya lami, rafu na kichanga? Tafuta dalili yako hapa

Ukitoka Tabora mjini asubuhi mpaka Urambo ni kilometa 90 na kitu na ni lami, hapo tairi lolote zima lenye upepo litakufikisha. Shida inaanza ukiiacha lami. Unakata kuingia vijijini unakuta kichanga, kichanga kinaisha unaingia njia ya miguu ya porini yenye mizizi na visiki, mbele kuna mbuga, yani bonde la udongo mweusi, iliyokauka nyayo za ng'ombe zimekuwa ngumu kama tofali, alafu rafu ya changarawe, alafu jioni unarudi tena lami na dumu kwenye keria. Barabara tano kwenye safari moja na tairi ni lile lile.

Mi nanunua asali huko Sikonge na vijiji vya pembeni ya Urambo, kwahiyo hizi njia nazijua kwa miguu yangu na kwa pancha zangu. Kitu kimoja nimekiona kwa watu wengi, mtu anachagua tairi kwa kuangalia kipande kirefu cha safari, anasema mi asilimia kubwa napita lami basi nachukua jembamba la lami. Kumbe tairi unalichagua kwa kipande kibaya kuliko vyote pamoja na mzigo utakaobeba, alafu vile vipande vingine unavimaliza kwa upepo. Lami haijawahi kumlaza mtu njiani, kichanga na miiba ndo vinalaza.

Sasa twende dalili moja moja. Yako ikiwa ya tatu au ya tano ruka moja kwa moja, ila hii ya kwanza naomba kila mtu aisome hata kama tairi lake halina shida.

TAIRI JIPYA HALIKAI VIZURI KWENYE RINGI, LINAYUMBA AU LINACHOMOKA

Kisababishi karibu mara zote ni saizi, na saizi za baiskeli zinadanganya sana. Nilikuwa na baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ile ya kikapu mbele, tairi la nyuma likaisha nikaenda dukani. Ringi ilikuwa ya 27, wakaniambia 27 hamna ila hii 28 inaingia, tofauti ndogo. Na kweli ikaingia, tena kwa mikono mitupu bila chuma cha kubandulia, nikafurahi. Wiki nzima hapa mjini ikaenda na upepo kidogo. Siku nimetoka porini na mzigo nimejaza upepo mpaka mwisho, jua la saa nane, nikasikia mlio kama bunduki, tairi limetoka upande mmoja na tyubu imechanika urefu wa kiganja, haizibiki. Nilisukuma mpaka giza.

Nilichokuja kujua baadae ni kwamba ringi ya 27 ya Kijapani kipenyo chake pale tairi linapokaa ni milimita 630, na lile 28 la baiskeli zetu za kizamani, lililoandikwa 28x1½, ni 635. Milimita 5 tu, lakini waya wa tairi haunyooki wala haubani, kazi yake ni kushika, ukishakuwa na nafasi utachomoka tu siku upepo na mzigo vikikutana. Kwahiyo tairi jipya likiingia kwa ulaini wa ajabu usifurahi, simama soma namba.

Namba yenyewe iko ubavuni mwa tairi, ndogo, imeandikwa kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kile kipenyo cha kwenye ringi. Ya pili lazima ilingane na ya tairi la zamani au ya ringi yenyewe, hapo hakuna cha karibu karibu. Inchi usiziamini. Ukiambiwa 28 inaweza kuwa 635 ya Phoenix za mikono ya breki ya chuma, au inaweza kuwa 622 ya baiskeli za mtumba za Ulaya, na 700C na 29 nazo ni 622 hiyo hiyo. Ukiambiwa 26 ndo balaa zaidi, yenye nukta kama 26x1.95 ni 559, yenye sehemu kama 26x1⅜ ni 590, haziingiliani kabisa ingawa zote ni 26. Mzee mmoja fundi wa pale Isevya, Tabora mjini, ndo alinifundisha, inchi zenye nukta na inchi zenye sehemu usizichanganye hata kama hesabu inaonekana sawa, na tangu hapo sijawahi kukosea.

Kuna na upande wa pili, tairi linakataa kabisa kuingia, unavunja vijiko na bisibisi inatoboa tyubu. Nalo ni saizi, umepewa 622 kwa ringi ya 630. Usilazimishe, rudisha. Ila kama namba ziko sawa na bado linabana, sukuma waya wa tairi uingie katikati ya ringi pale kwenye bonde, zunguka nao kuanzia upande wa pili wa nozeli, ile ya kujazia upepo, umalizie kwenye nozeli, utaona linalegea lenyewe.

Na namba zikiwa sawa na tairi limeingia lakini likizunguka linapanda na kushuka, hapo tairi ni zima, halijakaa tu. Toa upepo, lipake maji ya sabuni pembezoni, jaza taratibu huku unaangalia ule mstari mwembamba wa ubavuni uwe na umbali uleule kutoka kwenye ringi mduara mzima.

KWENYE KICHANGA LINAZAMA, GURUDUMU LA MBELE LINAKIMBIA PEMBENI

Hapa kuna visababishi vitatu na huwa vinakuja pamoja, tairi jembamba, upepo mwingi, na mzigo wote nyuma.

Jaribu upepo kwanza maana hauna gharama. Ukiwa kwenye lami umejaza tairi gumu kama mti, ukifika kichangani simama toa. Mi kwa tairi la 26x1.95 nisipokuwa na mzigo huwa natembea na psi (kipimo cha upepo) 38 hivi nyuma na 30 mbele, kichanga kikianza natoa kama 10 kila moja. Ukipanda utaona tairi limetanuka limekaa kama unyayo wa ngamia badala ya kuchimba kama jembe. Ukirudi lami unajaza. Ndio inachosha, lakini dakika 5 za pampu ni bora kuliko kusukuma kilometa 6.

Kama huna geji hesabu pampu. Siku moja ukiwa nyumbani tairi limekaa vizuri, toa upepo wote ujaze tena huku unahesabu, andika mahali. Nakwambia hivi kwasababu zile valvu za kizamani zenye kimpira ndani geji ya kawaida haizisomi hata uwe nayo, na kidole gumba ni muongo, tairi nene linaonekana gumu hata likiwa tupu. Kipimo kingine kizuri ni kukaa juu na mzigo wako wote alafu mwenzako aangalie tairi la nyuma limeshuka kiasi gani, lenye kimo cha milimita 50 likishuka 7 au 8 hapo ndo penyewe kwa njia mchanganyiko, likishuka 2 umejaza mno, likishuka 15 utagonga ringi.

Upepo ukishindwa ndo unakuja upana. Tairi la milimita 37 au 40 kwenye kichanga cha Agosti mpaka Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hata mwenye mapafu ya mkimbiaji atashuka. Kuanzia milimita 50, yani zile zilizoandikwa 1.95 au 2.0 kwenda juu, unaanza kuelea. Kashata, yani vile vinundu vya mpira juu ya tairi, hapo hazisaidii sana kama watu wanavyodhani, kichangani upana na upepo mdogo ndo vinafanya kazi, meno makubwa yanachimba. Na kama hela ni ya tairi moja tu pana, liweke mbele, kwasababu la nyuma likizama unapunguza mwendo lakini la mbele likizama unaanguka.

Kabla hujanunua pana pima nafasi. Angalia kati ya foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na tairi, na kule nyuma kati ya zile bomba mbili karibu na kanyagio, na chini ya madigadi. Unataka ibaki angalau milimita 6 kila upande baada ya tairi jipya kukaa, maana ringi ikipinda kidogo au tope likiingia bila hiyo nafasi tairi litasaga fremu. Baiskeli ya 700C nyembamba haikubali la 29x2.1 ingawa ringi ni moja, kwahiyo usinunue kwa namba ya pili peke yake. Na wenye zile za Kijapani za 26x1⅜ niwe mkweli kwenu, upana mwingine kwa hiyo ringi ni shida kupata, badala ya kutafuta tairi ambalo halipo punguzeni mzigo na upepo, na kichanga kirefu kipiteni asubuhi au baada ya mvua kikiwa kimeshikana.

Mzigo nao. Dumu la lita 20 la asali ni kilo 28 hivi, asali ni nzito kuliko maji, watu wanahesabu 20. Mawili ni 56. Ukijumlisha mtu wa kilo 65 na baiskeli ya 18, tairi la nyuma peke yake linabeba karibu kilo 95 au 100 na la mbele linabaki jepesi linaelea huku na huku. Sogeza chochote kinachosogezeka mbele, maji, chombo, chakula. Mi nafunga mfuko kwenye foku kila upande na tofauti niliisikia siku ya kwanza.

KWENYE LAMI NI NZITO, UNAKANYAGA LAKINI HAIENDI

Kabla ya kulaumu tairi nyanyua gurudumu lizungushe. Likisimama haraka ni breki inagusa au beringi zimekaza.

Likizunguka vizuri basi sikiliza sauti ukiwa lami. Tairi linalonguruma ni la meno marefu yaliyoachana, kila jino linapinda likigusa lami na kule kupinda ndo kunakula nguvu zako. Hilo ni la matope, liache. Kwa njia mchanganyiko tafuta lile ambalo katikati kashata zimeshikana karibu kama mstari mmoja na meno yako pembeni tu, kwenye lami unatembelea mstari, ukiingia changarawe ukalala kwenye kona meno ya pembeni yanashika. Hayo yapo kwenye 26 na 29 madukani, ukiuliza sema tu ya katikati laini pembeni meno.

Kama halina meno ni upepo. Na hapa nataka kusema kitu maana watu wanabishana sana, tairi pana sio zito kwa sababu ya upana. Pana na jembamba ukiyajaza upepo sawa, lile pana linagusa lami eneo fupi zaidi kwa urefu, linajikunja kidogo, na linabingirika sawa au hata vizuri zaidi. Watu wanaona ni zito kwasababu walilitembelea na upepo wa kichangani, au kwasababu ni la bei rahisi lenye mpira mnene mgumu kama kandambili. Shika ubavu wa tairi ulibonyeze na vidole, linalokunjika kwa urahisi lina nyuzi nyembamba na litaenda, lile linalokaa kama ubao litakula miguu yako kilometa zote 90. Ila na lenyewe likiwa laini mno mizizi na visiki vya porini vitalichana ubavu, mi hapo nimechagua la kati na nyuma siweki jepesi kabisa.

PANCHA HAZIISHI

Hapa tukae kidogo, maana watu wanaziba tu bila kuuliza tobo limetoka wapi, alafu wanasema tairi bovu.

Zoea jambo moja kila unapofunga tairi, weka maandishi ya tairi pale kwenye nozeli. Ukipata pancha unatoa tyubu, unaona tobo liko umbali gani kutoka nozeli, unapima umbali huo huo kwenye tairi, unakuta kilichotoboa bado kimekaa hapo kinakusubiri. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, sio kidole, kitambaa kinanasa kwenye kitu ambacho jicho halioni. Ukiziba bila kukitoa utarudi hapo hapo baada ya nusu saa.

Tobo moja dogo upande wa nje wa tyubu, huo ni mwiba au waya. Mbigili zinatambaa pembeni pembeni ya njia za miguu, zile zenye pembe ambazo zikianguka lazima moja ielekee juu, na ndo zinakera kwasababu njia ya miguu pembeni ya kichanga ndo imekanyagwa ngumu na ndo unataka kupita, unakwepa kichanga unakutana na mbigili. Miiba ya migunga ni mirefu, hiyo inapita hata tairi jipya. Na kwenye lami wengi hawajui, pale pembeni barabarani kuna vijiwaya vyembamba vya chuma vya matairi ya malori yaliyopasuka, vifupi kama kope, vinaingia taratibu na upepo unatoka taratibu, unakuta tairi limelala asubuhi. Dawa ya hizi zote ni tairi lenye mkanda wa kinga chini ya kashata, kwenye ubavu huwa wameandika. Wasafiri wa mbali wanaopita huku na baiskeli wengi wao utawaona na Schwalbe Marathon, ile Marathon Plus ina mkanda wa milimita 5, ni ghali na ni nzito lakini mbigili haifiki kwenye tyubu. Kwa bei yetu watu wanachukua tairi kuukuu, wanakata waya zote mbili, wanabaki na utepe wa katikati wanaulaza ndani ya tairi jipya. Inafanya kazi, nimetumia sana, ila zile kingo za utepe zichonge na wembe ziwe nyembamba kabisa maana zikiachwa nene zinasugua tyubu mpaka inatoboka, unakuwa umejitengenezea pancha mwenyewe.

Dawa za kumimina ndani ya tyubu zinaziba matundu ya miiba vizuri. Haziokoi tyubu iliyochanika, na zile nyeupe kama maziwa hukauka baada ya miezi michache na joto letu linaziharakisha, kwahiyo usimimine mara moja ukasahau.

Matobo mawili yanayoangaliana kama meno ya nyoka, hapo mwiba hauhusiki. Umegonga jiwe au ukingo wa lami, tairi likabonyea mpaka ringi ikaibana tyubu pande mbili. Upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo ule, au tairi ni jembamba kwa mzigo ule. Wanaotoa upepo kichangani kama nilivyosema juu wakasahau kujaza ndo wahanga wakubwa, na mimi nimo.

Tobo upande wa ndani, ule unaolalia ringi, angalia ncha za spoku na utepe unaozifunika. Kama utepe umesogea au umeoza tafuta mwingine, hata mkanda wa tyubu kuukuu ukikatwa vizuri unatosha. Usiendelee kuziba hapo, utaziba mpaka tyubu iwe viraka vitupu.

Mchaniko kwenye shina la nozeli, angalia kama nozeli imelala upande mmoja badala ya kusimama wima. Ikilala maana yake tairi linateleza juu ya ringi na linavuta tyubu, na linateleza kwasababu upepo ni mdogo na wewe unakanyaga kwa nguvu na mzigo. Mchaniko huo hauzibiki, unanunua tyubu. Ukiona imeanza kulala toa upepo, zungusha tairi na tyubu virudi sawa, jaza.

Na mwisho tyubu haina tobo kabisa, umezamisha kwenye beseni zima hakuna povu, lakini kila asubuhi tairi limelegea. Lowesha ncha ya nozeli mate uangalie. Kwenye valvu ya kizamani ni kile kimpira chembamba kilichovikwa kwenye sindano yake, kikizeeka kinachanika au kinanata, ni kitu cha hela ndogo sana lakini kimelaza watu wengi vijijini. Beba viwili vitatu.

Kuziba kwenyewe fundi yeyote anajua ila haraka ndo inaharibu, sugua na msasa mpaka pale pawe peusi pasipo na mng'ao wa mafuta, paka gundi nyembamba, subiri mpaka ikauke isinate kidoleni, dakika 5 hivi, ndo ubandike kiraka ukandamize. Kiraka kilichobandikwa gundi ikiwa mbichi kitatoka mchana jua likiwaka.

UBAVU UMEPASUKA AU UMETOA UVIMBE

Uvimbe ni nyuzi za ndani zimekatika, tairi hilo limekwisha, usilisafirie. Mchaniko mdogo unaweza kufika nao nyumbani kama utaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani kati ya tairi na tyubu, kikubwa kuliko mchaniko, ukajaza upepo wa wastani.

Kama umechanika mstari mrefu karibu na ringi angalia mpira wa breki, umepanda juu unalamba tairi. Kama nyufa ndogo ndogo zimejaa ubavu mzima, ama limetembea na upepo mdogo muda mrefu na mzigo, ama limekaa juani miaka. Dukani pia, tairi lililoning'inizwa barazani nje linaweza kuwa jipya na limeshazeeka, likunje uangalie kama linapasuka nyufa kabla hujatoa hela.

Kuhusu kupasuka mchana kwasababu ya joto. Upepo ukijazwa psi 50 asubuhi kwenye nyuzi joto 20, tairi likifika nyuzi joto 45 juani linapanda kama psi 5 tu. Tairi zima lenye saizi sahihi haliwezi kupasuka kwa hizo 5. Likipasuka kuna kosa lingine, saizi kama yangu ile, au waya haujakaa, au ubavu umeoza. Kwahiyo acheni tabia ya kutembea na upepo nusu kwa kuogopa jua, mnakwepa kitu ambacho hakipo mnakaribisha pancha ya nyoka.

MIKONO INAKUFA GANZI, SPOKU ZINAKATIKA

Ile rafu iliyojikunja kama bati ikikutikisa mpaka macho hayaoni sawa, na spoku za nyuma zinakatika moja moja, wengi wanabadilisha spoku na kuziba maumivu. Angalia tairi. Tairi jembamba lililojazwa mwisho linapeleka kila pigo kwenye ringi, spoku na mifupa yako. Hiki ndo hasa kilichofanya tairi la upepo litengenezwe, John Boyd Dunlop daktari wa mifugo pale Belfast alilitengeneza 1887 kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mtoto wake, iliyokuwa na mpira mgumu inarukaruka kwenye mawe. Ukijaza mpaka liwe jiwe umerudi kule alikokimbia yeye. Panda saizi moja ya upana kama fremu inakubali, punguza upepo mpaka kile kipimo cha kushuka milimita 7 au 8. Spoku zikiendelea kukatika upande wa cheni baada ya hapo, peleka gurudumu kwa fundi alikaze lote upya, hiyo sio kesi ya tairi tena.

MBUGA IKILOWA

Tope jeusi la mbuga hakuna tairi linaloliweza, pana wala jembamba, linajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Masika mi navua madigadi ya mbele, naweka tairi la upana mmoja chini ya ninalotumia kiangazi ili nafasi iongezeke, na mbuga yenyewe nabeba baiskeli begani au nazunguka. Usijaribu kukanyaga, utakata cheni.

LA NYUMA LINAISHA HARAKA

Ni kawaida, nyuma kuna mzigo na ndo kunasukuma, la nyuma linaweza kuwa kipara wakati la mbele bado lina kashata. Linapoisha usinunue jipya ukaliweka nyuma. Lile la mbele lihamishie nyuma, jipya liende mbele, kwasababu mbele ndo unataka mshiko na usalama. Ukihamisha angalia kamshale ka ubavuni kanakoonyesha lizunguke upande gani.

Likiisha katikati tu na pembeni ni jipya unatembea na upepo mwingi mno kwenye lami. Likiisha pande zote mbili katikati limebaki, upepo mdogo. Likiisha upande mmoja gurudumu limekaa mshazari kwenye fremu, legeza nati ulinyooshe.

Ukishafunga jipya usiende nalo Sikonge siku hiyo hiyo. Mi najaribia njia za kuelekea Kwihara, si mbali na mji, napakia dumu moja la maji, naenda narudi, alafu nakagua kama nozeli imesimama wima na ule mstari wa ubavuni bado uko sawa mduara mzima. Kukiwa na kosa linajitokeza huko, na nyumbani unarudi kwa mguu.